Kigamba na Shimo la Mwambani

Hapo kale baharini, Kigamba, mdudu mdogo kama punje ya ulezi, alibeba mayai yake ndani ya gamba lake. Jirani yake Nge-Bahari, mkubwa kama mtumbwi, alimcheka kila siku.

"Mama Kigamba, chumba kimoja na watoto wote humo! Mnapumuaje?"

"Tumezoea kubanana, kaka."

Mwaka mmoja bahari ikachacha, hewa ikaisha majini. Maji yenye hewa yakabaki kwenye shimo moja tu la mwambani, na Nge-Bahari alifika kwanza. Kigamba akasimama nje.

"Hewa hii mimi hainitoshi hata siku mbili," Nge-Bahari akasema, akijivuta kutoka. "Ninyi itawatosha. Ingia, mama."

Kigamba akaingia, akafunga gamba.

Bahari ilipopona, alilifungua taratibu. Watoto wakatoka mmoja mmoja, wote wazima. Wa kwanza, Kigamba akampa jina la Nge.