Bangili ya Kombo

Gari la wagonjwa haliji mpaka bangili ya mkononi iliite, na bangili zote zilifundishwa mapigo ya moyo ya wanaume tu. Mama alikufa yake ikimwambia apumzike. Shangazi vilevile. Sijasahau hata mmoja.

Leo ni mdogo wangu Tausi, kalala sakafuni jikoni, moyo unamwenda mbio mpaka kanga inatikisika kifuani. Bangili yake inasema, "Ni wasiwasi. Kunywa maji."

"Si umesikia? Wasiwasi," akasema Kombo, mumewe.

"Shemeji, mguse shingoni kwanza, ndipo uniletee hayo ya bangili!"

Akamgusa. Akavua bangili yake mwenyewe, akamvisha mkewe, nayo ikapiga kelele papo hapo: moyo wa Kombo uko hatarini, gari linakuja.

Likaja kweli, kwa dakika nne.

"Kombo nani?" akauliza muuguzi.

"Mimi, lakini anayeumwa ni huyu."

"Sisi tumeitiwa Kombo."

Wakamrudishia Kombo bangili mkononi, ikasoma moyo mzima. Wakakunja machela, wakaondoka.

"Dada, wameondoka?" Tausi akauliza.

"Wanageuza gari tu, mdogo wangu," nikamwambia.