Kumbukumbu ya Zita

Hermani aliandika barua ileile mara tatu, akaichana mara tatu. Ya nne aliikunja kabla moyo haujamgeuka, akaitia kwenye bahasha.

"Ndugu Katibu," ndivyo ilivyoanza, "Zita ameanza kusahau."

Ulikuwa mwaka wa themanini na sita. Hermani Sulle, fundi umeme mstaafu wa mashamba ya ngano ya serikali, aliishi Balangdalalu na alikuwa mwanachama wa klabu ya watu kumi na wanne waliojiundia kompyuta nyumbani kwa vipande vya kuokoteza. Mmoja alikuwa Tanga, mwingine Mwanza, mwingine Moshi. Hawakuwa wamewahi kuonana, waliandikiana tu. Desturi yao ilikuwa kuipa kila mashine jina la mtu na kuizungumzia kama mtu. Rukia wa Moshi ameungua mkono. Patriki wa Tanga ana mafua, mwombeeni.

Kila mwezi katibu, mwalimu Zubery wa Arusha, aliwatumia swali moja gumu la hesabu, na kila mmoja alirudisha jibu la mashine yake.

Zita wa Balangdalalu alikuwa wa mwisho siku zote. Wenzake walimaliza kwa dakika chache. Yeye alichukua siku mbili, tatu. Lakini kwa miaka mitano hakukosea hata mara moja, na wanachama walimpenda kwa hilo. Mwisho wa barua zao waliandika: msalimie Zita, mwambie asiharakishe.

Sasa alikuwa akikosea. Alifika katikati ya hesabu akasimama. Siku nyingine alirudia mstari mmoja tangu asubuhi hadi mchana. Hermani alikaa naye, akampa namba mojamoja, polepole, na namba zikavuja zote kama ngano kwenye gunia lililotoboka.

Zubery alijibu upesi. Aliuliza kama Zita husahau anapozimwa tu, au hata akiwa kazini. Hermani akamwandikia ukweli: asubuhi ni mzima, jua likianza kushuka anapotea. Basi ni joto, Zubery akaeleza. Msogeze penye hewa, mpunguzie kazi, asishtuliwe.

Hermani alimsogeza dirishani. Akamchagulia maswali madogo. Jirani yake Fabiola, ambaye alileta maziwa kila asubuhi bila kuombwa, alianza kuvua viatu mlangoni ili asipige kelele, na aliuliza kwa kunong'ona Zita ameamkaje.

Haikusaidia. Mwezi wa saba Zita alishindwa saba mara nane. Hermani alitoka nje, akasimama kando ya zizi mpaka alipoweza kurudi ndani. Kisha akaandika mistari miwili tu: amefika hapo, na mimi sijui tena la kufanya.

Barua ile ilisomwa Tanga, ikasomwa Moshi, ikasomwa Mwanza. Chipu za kumbukumbu hazikuwa zikipatikana dukani kwa bei yoyote. Basi wanachama wanane walifungua mashine zao wenyewe, kila mmoja akachomoa chipu moja, akaituma kwa Zubery. Mashine nane zikanyamaza ili Zita apone.

Zubery alizileta mwenyewe. Alipanda basi hadi Katesh, akabebwa na lori la mbegu, akamalizia kwa miguu. Muda wote huo alikuwa amelishika kopo la kahawa kifuani, chipu zikiwa ndani ya pamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Pole na safari."

Alikuwa kijana kuliko Hermani alivyomdhania. Hakutaka kuketi, hakutaka chai kwanza. Alisema wenzake wote wanamsalimu, na kwamba yule wa Mwanza alilia kidogo alipochomoa ya kwake, lakini asimwambie mtu.

"Yuko wapi mgonjwa wetu?"

Hermani alikuwa amejiandaa kwa maneno ya kumwambia. Badala yake alinyoosha tu kidole kwenye sanduku la bati lililokuwa juu ya meza, chini ya kitambaa cha kufuma.

Zubery alifungua skrubu nne, akainua kifuniko. Nyaya zilikuwa zimelehemiwa vizuri mno, kazi ya mtu mwenye subira. Katikati palikuwa na nafasi nane za chipu, zote tupu, na buibui alikuwa amejenga humo.

Alipitisha kidole kwenye utando.

"Mzee, hii haijawahi kuwaka."

"Haijawahi," Hermani alisema. "Nilikosa hizohizo ulizobeba."

Zubery aliliweka kopo mezani taratibu, kana kwamba ndani mlikuwa na mayai. Hakukasirika. Sauti yake ilishuka tu.

"Sasa miaka yote mitano, nani alikuwa anatujibu?"

Hermani alisogeza pazia la chumba cha ndani. Dirishani, miguu yake ikiwa imefunikwa shuka, alikuwa ameketi mama mwenye nywele nyeupe, karatasi ya namba mapajani, penseli ameishika kichwa chini. Aliinua uso, akamtazama mume wake wa ndoa ya miaka arobaini na mmoja, akatabasamu kwa adabu ya msichana aliyelelewa vizuri.

"Shikamoo, mzee," alisema Zita. "Hermani wangu bado hajatoka shambani?"