Mikono Mifupi

Tarehe tisa Juni, asubuhi ya manyunyu na baridi kali. Chuo cha uuguzi kilitaka wanafunzi ishirini tu, na mamia waliofika walijikunyata ndani ya masweta. Sikudhani, mama wa miaka arobaini aliyesoma masomo ya jioni, alivaa blauzi ya mikono mifupi.

"Da Siku, utaganda!" Mwajabu, mwenzake wa masomo ya jioni, alimtania kwenye foleni. Kisha akachungulia fomu yake. "Mbona umejaza hapa pa kusimamishwa masomo? Ungepaacha wazi, nani angejua?"

"Mungu niliyemwomba msamaha anajua."

Ndani, mwenyekiti wa usaili alisoma kwa sauti: "'Nilisimamishwa mwaka mzima kwa kuingia na majibu kwenye mtihani.' Uliyaficha wapi, mama?"

"Kwenye mkono wa sweta. Tangu siku ile sijavaa mikono mirefu."

Wasaili wawili waliokaa na mwenyekiti wakaacha kuandika. Sikudhani akasimama wima, akainua mikono yake mitupu, malaika yamemsimama kwa baridi.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu watatu, mkinichukua au mkiniacha, kila jibu nitakaloandika litatoka kichwani mwangu."