Kikombe Chenye Mrija

Otilia alishuka kwenye treni asubuhi kumjulia hali mumewe, Anselmi, aliyekuwa mwezi mzima akijitibu kwa kunywa maji ya chemchemi za moto katika mji ule wa kale. Anselmi akamnunulia kikombe chenye mrija kwenye mpini, wakajiunga na wageni waliokuwa wakitembea kati ya nguzo za mawe huku wakinywa.

"Hapa hatuchangii kikombe, mke wangu. Kila mtu na chake," alimwambia. "Na usikimbie. Piga funda, tembea kidogo, piga tena."

Usikimbie! Mtu aliyekuwa akimwacha nyuma barabarani tangu walipooana, leo alikuwa akienda mwendo wa bibi harusi.

"Nani kakufunza mwendo huu?" Otilia aliuliza kwa wivu.

"Ndiyo desturi ya hapa," Anselmi alijibu, akimwonyesha sanamu zilizosimama juu ya paa. "Yule mwenye zumari ndiye mzuri kuliko wote."

Akapiga funda. Kisha, macho yake yakiwa bado juu, akakipuliza kikombe chake kipoe, akakinyoosha upande wa kushoto na kungoja kipokelewe.

Otilia alikuwa kulia kwake.