Beti Tisa za Ketill

Visahani vitatu vya maji vilikuwa vimepangwa kizingitini, vyote vimeganda.

Steinvör aliinama akagonga barafu kwa ukucha. Maji yakiganda usiku wa kuamkia siku ya kwanza ya majira ya joto, ambayo kwa kalenda ya kale huja theluji ikiwa bado chini, mwaka utakuwa wa neema. Bonde zima linalijua hilo. Lakini kisahani huwa kimoja. Neema haiombwi mara tatu.

"Ketill! Umetoa visahani vitatu jana, baba wee!"

Mumewe alitokea jikoni, taulo begani. Akavitazama kwa muda.

"Nilisahau."

"Ukasahau tena, na tena?"

"Basi neema itafurika mpaka tuombe ipungue," akasema, akaviokota kimoja kimoja.

Steinvör alicheka, lakini moyo wake haukucheka. Tangu baridi ilipoingia alikuwa akimwona mzee wake akipungua. Kwanza alibandika vikaratasi kwenye makabati: vikombe hapa, chumvi hapa, dawa za asubuhi hapa, kwa ule mwandiko wake mkubwa. Kisha akaanza kuuliza, kila wakipata kahawa, leo ni siku gani, na akishauliza humkazia mkewe macho mpaka ajibiwe. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na minne!

Na leo ilikuwa siku ya moto. Katika kundi lao la waumini wa miungu ya kale, anayewasha moto wa majira hutamka beti tisa kwa ghibu, bila karatasi, na huvaa bangili nzito ya shaba mkononi. Ketill ameivaa miaka ishirini na miwili. Lakini kwenye sikukuu ya katikati ya baridi alinyamaza mara tatu mbele ya watu, na mara tatu Steinvör, aliyesimama nyuma yake, akamnong'oneza neno la kwanza la ubeti. Watu walijifanya hawakusikia. Leo akikwama kabisa, bangili itakwenda kwa mwingine, na Ketill asiye na bangili, Steinvör alijua, atakaa dirishani akihesabu magari ya watu mpaka siku zake ziishe.

Alimfunga skafu, akamkagua vifungo vya koti. Vilikuwa sawasawa. Alipotazama chini akamwona Ketill kapiga goti, anamfunga yeye kamba za viatu.

"Nani kakuambia mimi mtoto?"

"Nanyoosha mgongo tu, mke wangu."

Kandokando ya ziwa theluji yenye maji ilikuwa ikipiga ubavuni. Watu kama arobaini walisimama duara kuzunguka kuni, na sufuria za nyama ya kondoo ya moshi zikingoja ndani ya magari. Hjörtur, fundi bomba mwenye ndevu za kufika kifuani, alimjia Steinvör moja kwa moja, mikono wazi.

"Ni Hjörtur hapa, mama. Yule mla nyama."

"Nani asiyekujua, na tumbo hilo!"

Watu wakacheka. Hjörtur akamvuta Ketill pembeni, akashusha sauti, lakini upepo ulikuwa ukimletea Steinvör kila neno.

"Mwachie Eydís bangili, kaka. Mzigo ulio nao nyumbani unakutosha. Hakuna atakayekulaumu."

"Maadamu ananikumbusha, siivui."

"Na ikifika siku asipoweza?"

"Siku hiyo nitaivua mwenyewe."

Eydís, daktari wa mifugo wa bondeni, alikuwa akipanga kuni bila kumtazama mtu. Beti alizijua tangu utotoni. Steinvör alimpenda binti yule, lakini kwa dakika ile alitamani gari lake lingeharibikia mlimani.

Moto ukashika. Ketill akainua pembe ya kinywaji cha asali, akaanza. Ubeti wa kwanza ulitoka mzima, wa kumkaribisha Freyr, mungu wa mavuno. Kisha akanyamaza.

"Jua," Steinvör akanong'ona.

"Jua, ingia, mlango hatukuufunga..."

Akanyamaza tena.

"Ardhi."

"Ardhi, fungua kiganja, tuna njaa ya kijani..."

Wa nne. Wa tano. Kila mara ukimya mfupi, kila mara neno, na kila mara Steinvör alihisi kifua chake kikilegea kidogo. Bado nne tu, mzee wangu. Tutafika. Nikuvushe nikurudishe nyumbani na bangili yako.

Ketill akanyamaza mara ya tano.

Steinvör alifungua mdomo. Gogo lilipasuka motoni, cheche zikapanda juu, nyingi, nzuri, zikapita juu ya vichwa vya watu na kuzimikia kwenye theluji. Alizifuata kwa macho mpaka ya mwisho.

Ketill aligeuka, akamtazama, akangoja. Alingoja mpaka theluji ikaanza kumjaa mabegani. Hjörtur aliinamisha kichwa.

Ndipo Ketill akaugeukia moto, akausema ubeti wa sita. Akausema wa saba, na wa nane, na wa tisa, bila kusita, bila neno hata moja kuanguka. Sauti tu ndiyo iliyotikisika. Alipomaliza aliivua bangili. Ilikwama kwenye kifundo cha mkono, akaizungusha taratibu mpaka ikatoka, akaiweka kiganjani mwa Eydís, akamfunga vidole.

Steinvör akamvuta Hjörtur mkono wa koti.

"Yule mzee hodari kweli," akamnong'oneza. "Lakini mbona analia? Kwani hana mke?"