Ukoko

Wanaume walikuwa bado kwenye mahindi wakimtafuta mtoto wa Robi, ndipo sisi wanawake tuliobaki uani tukaona moshi jikoni kwake.

"Mtoto kapotea tangu asubuhi, mama anasonga ugali!" alisema mke wa balozi, kwa sauti, ili asikie.

Tukadakia. Mmoja akasema alimwacha peke yake akaenda kuponda mawe ya dhahabu. Mwingine akasoma kwenye simu: kundi la kijiji linasema amemuuza, mtoto ameshavushwa mpaka wa Sirari.

Robi akatoka na sufuria. Ugali wote akaupakua kwenye sinia, akatusogezea bila kututazama. Kisha akaenda hadi ukingoni mwa shamba, akaanza kukwangua ukoko kwa kijiko. Akaacha, akasikiliza. Akakwangua tena, kwa nguvu zaidi.

"Huwa anakuja mbio akisikia hivi," alisema. "Hata akiwa mbali."

Hakuna aliyegusa ugali. Mahindi yakatikisika, tukasimama wote. Ulikuwa upepo.

Mke wa balozi ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia nyumbani kwake kuchukua sufuria yake na kijiko, naye aje akwangue.