Wa Chini Husema Kwanza

Mwiko ulikwaruza gizani chini ya sufuria, na Tumpale akajua uji uliobaki ni wa mtu mmoja. Akampakulia bintiye, Lugano, wote.

Mchana wapangaji walikuwa wamecheza karata, kama kila Jumamosi tangu mgao wa unga wa jengo lao uanze kuamuliwa mezani. Wa ghorofa ya chini husema kwanza. Wa juu husema mwisho, wakishaona wenzao wametetemeka vipi. Tumpale, wa chini, alishika karata mbovu. Alisukuma katikati tiketi zake zote za unga wa wiki, akatabasamu kama mwenye wafalme wawili, akitumaini wataogopa watupe zao. Wote walitupa, isipokuwa Bwana Kibona wa ghorofa ya tano.

"Dada yangu, mwenye karata nzuri hahangaiki kutupendeza hivyo," alisema, akafunua nane mbili. Zilitosha.

Sasa Tumpale akailainisha sauti. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba, nimekula kwa mama Atu. Jumamosi ijayo tutapata unga mpaka tugawe."

Kijiko cha Lugano kikanyamaza.

"Mama, wewe hujala."